Mkuyu Uliopandwa Kichwa Chini

Kindu, Kasuku, Septemba 2023. Mwaka wa ishirini na tano tangu nitoke Mabuka.

Zaina mwanangu,

Mvua imepita na jua bado halijazama. Wewe na shangazi yako Sauda mmekwenda sokoni kutafuta buti za mpira, nami nimebaki na begi lako lililosimama mlangoni kama mgeni asiyejua akae wapi. Nimeona niandike sasa, kabla hamjarudi, maana dada yangu akishaingia ndani hakuna mtu mwingine anayepata nafasi ya kumaliza wazo.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala namna ya kuchagua mwendesha pikipiki asiyekunywa. Hayo ameshakuambia yeye, na atakuambia tena kesho mpaka kivuko kiondoke. Nakuandikia juu ya jambo moja uliloniomba wiki iliyopita, nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika.

Tulikuwa tunakula sombe ya majani ya muhogo. Ulituambia kazi yenu ya kupima miti itaanzia upande wa Lubutu, katika msitu ulio nyuma ya Mabuka. Shangazi yako alicheka hadi akaweka sahani chini.

"Kupima miti! Inashonewa suruali? Ulisoma miaka yote ile ukuwe fundi nguo wa miti?"

"Shangazi, tunapima unene, tunapiga alama, kisha mwaka mwingine tunarudi kupima tena. Tuone muti umekuwa namna gani."

"Umekuwa mukubwa. Njo jibu hilo. Waandikie, ubakie nyumbani."

Tulicheka sote. Kisha ukanigeukia mimi, ukashusha sauti, ukasema: "Baba, kaburi ya mama iko upande ule. Weye nipatie tu muti. Mimi niko na aparei, inashika mahali kwa satelaiti. Nikishaupata nitapiga alama, na mvua ikiisha baba utakuja."

Nipatie tu muti. Ulilisema kama mtu anayeomba chumvi. Na ni haki yako kuomba, kwa sababu tangu ukiwa mdogo nilikuambia kwamba mama yako amezikwa chini ya mti, na kwamba mti ule una alama. Sikukudanganya. Mti ulikuwepo na alama ilikuwepo. Ninachotaka kukueleza leo ni kwa nini siwezi kukupatia, na kwa kuwa wewe sasa ni mtu wa miti, nitakueleza kama mtu wa miti.

Vita vya pili vilipofika barabara ya Lubutu, nilikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari ya Mabuka, na wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni. Tuliingia msituni watu wanne: mimi, mama yako Feza, wewe, na kaka yake Feza, mjomba wako Asumani. Wewe ulimjua Asumani akiwa mzee wa samaki kule Lokandu, mwenye tumbo na redio. Wakati ule alikuwa mwembamba, mtega wanyama, na alinicheka kwa sababu katika mzigo wangu nilikuwa nimetia kitabu cha mimea badala ya sufuria ya pili.

"Shemeji," aliniambia, "tutapika majina ya Kilatini?"

Tulikaa mahali palipokuwa shamba la zamani, lililoachwa na watu tusiowajua, na msitu mzito umelizunguka pande zote. Ule msitu ni wa limbali. Utauona mwenyewe, na utakuchosha macho. Katika nchi nyingi za joto msitu ni mchanganyiko, huwezi kuona mti mmoja ukauona ndugu yake karibu. Limbali hautaki hivyo. Mbegu yake ni nzito, inaanguka pale pale miguuni pa mama. Majani yake mapana yanaoza polepole na kulala chini kama blanketi, mbegu ndogo za miti mingine zikiangukia juu yake hazifiki kwenye udongo. Kivuli chake ni kizito kiasi kwamba saa sita mchana unahisi ni jioni. Mwisho wake, unaweza kutembea kutwa nzima, na mti ni ule ule.

Mama yako aliligeuza hilo kuwa mchezo. Alikuwa amezoea kuuza chumvi na sabuni kando ya barabara na kuongea na kila apitaye, na kimya cha msituni kilimtesa kuliko njaa. Basi alikuwa akinifanyia mtihani.

"Mwalimu, ule muti unaitwa namna gani?"

"Limbali."

"Na ule kule?"

"Limbali."

"Na huu Asumani anauegemea?"

"Huo nao limbali."

"Ya Allah," akasema, akimpigia kaka yake makofi, "ulinipa kwa muntu anajua muti moja!"

Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka mara nyingi, na ndivyo ningependa umjue. Homa ilimshika mvua zilipoanza. Nilikuwa na vidonge vichache, vikaisha. Hakukaa sana. Siku ya mwisho hakusema neno kubwa lolote, aliuliza kama nguo zako zimekauka. Hazikuwa zimekauka. Nikamwambia zimekauka.

Tulimzika ukingoni mwa lile shamba la zamani, mimi na Asumani, kwa panga na kwa mikono. Udongo wa pale hauchimbiki ukafika mbali. Juu ni mweusi kidogo, halafu unakuta mwekundu mgumu. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu jambo hilo miaka mingi: kwamba miti yetu mikubwa haina mizizi mirefu kwenda chini, kwa kuwa chini hakuna chakula, inasambaza mizizi juu juu, na ili isianguke inaota kuta za mbao kwenye shina, pana kama milango. Nilijua hayo yote. Sikujua yalivyo mpaka nilipolazimika kuchimba.

Tulipomaliza, swali likawa ni hili: tutamtambuaje? Mawe pale hayapo. Mti wa kumwegemezea ni limbali, na limbali si alama. Asumani akafanya kama watu wa kwao wanavyofanya kaburini: alitafuta mti unaoshika. Katika lile shamba walioondoka walikuwa wameacha mkuyu, ule ambao babu zao waliponda gome lake likawa nguo. Tawi la mkuyu ukilichomeka kwenye udongo wenye maji linatoa mizizi. Hata nguzo ya ua inayokatwa kwake inachipua majani. Akakata vijiti viwili vinene, kimoja cha kichwani, kingine cha miguuni, akavichonga ncha.

Panga lilikuwa butu, na mvua ilikuwa imeanza tena. Kwa hiyo alichonga upande ulio mwembamba, kwa sababu ulikuwa rahisi. Tukagongelea cha kichwani. Kilipokwisha kusimama imara ndipo nilipotazama makovu ya majani na kuona yanatazama chini.

"Shemeji, umeupanda kichwa chini."

Alifuta uso. "Basi uung'oe."

Sikuweza kung'oa. Wewe pia usingeweza. Tulikuwa tumekwisha kusoma dua.

"Acha," akasema. "Utajua wenyewe juu iko upande gani."

Alikuwa na haki, na biolojia pia ingemuunga mkono. Chipukizi hutafuta juu hata ukilizika.

Kijiti cha pili kilikuwa bado mkononi mwangu. Wakati huohuo upande mmoja wa kile kibanda tulichokufunikia ulianguka kwa mvua, nawe ukaanza kulia. Asumani akaninyang'anya kijiti, akakimbia, akasimamisha paa. "Kesho nitakata ingine," akasema. Kesho yake ulikuwa na homa wewe, na siku iliyofuata pia, na mimi nikamwambia mmoja unatosha. Nakuomba usilichukue hili ukalibeba. Kijiti kilienda mahali kilipotakiwa kwenda. Nakueleza tu kwa sababu mbele utaona maana yake.

Tulikaa pale wiki kadhaa zaidi, na mkuyu ule ukashika. Macho yake yalifumbuka yakiwa yameelekea ardhini, kama yalivyopandwa. Kisha machipukizi yakageuka. Yalishuka kidogo, yakasita, yakapinda, yakapanda juu. Lile kubwa kuliko yote lilitengeneza pindo kama ndoana ya kuvulia samaki, na juu ya pindo likanyooka vizuri kabisa. Zaina, nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie msituni. Nilimwita Asumani nikamwonesha. Nikamwambia kosa lake limetupatia alama ambayo hakuna mti mwingine katika msitu mzima utakuwa nayo. Mti huendelea kubeba umbo la utoto wake. Shina hunenepa, lakini pindo la chini halinyooki. Baada ya miaka hamsini bado litaonekana. Nilisema hivyo, miaka hamsini, kwa sauti ya darasani.

Tulitoka msituni kwa njia ya Punia, tukafika Kindu miguu ikiwa imevimba. Sauda alikuwa ameolewa hapa mtaa wa Kasuku, mume wake mtu wa familia za zamani za mji, wale wenye babu waliotoka pwani na misafara. Walitupokea. Umekulia katika uwanja huu, ukaitwa mtoto wa Kindu, na ni kweli, wewe ni mtoto wa Kindu.

Vita vilipotulia ulikuwa umeanza shule. Utakumbuka nilisafiri, na niliporudi ukanisugua matope ya miguu kwa kokoto ukicheka. Ulidhani nimetoka kulima. Nilikuwa nimetoka kutafuta kaburi, mimi na mjomba wako, na sikukueleza kilichotokea kule kwa sababu hakuna kilichotokea. Hicho ndicho kigumu kueleza.

Lile shamba la zamani tulilipata. Tulilipata kwa kijito na kwa kilima kidogo, vitu visivyoota. Lakini halikuwa shamba tena, lilikuwa msitu wa kombokombo. Utaujua mti huo kabla hujafika Lubutu, unasimama kila mahali mwanadamu alipokata akaondoka: shina jeupe, majani kama miavuli, mizizi imesimama juu ya ardhi kama magongo. Unakua haraka hadi unatia aibu. Ungeweka kiti ukakaa mbele yake mwezi mmoja ungeona tofauti. Mbao zake ni nyepesi, maisha yake ni mafupi, karibu sawa na ya mtu anayemaliza shule na kupata mtoto. Na kitu kimoja cha ajabu: hauwezi kuota chini ya kivuli chake mwenyewe. Unapofunika jua, unawafungia nje watoto wake, na unawakaribisha wale wanaopenda kivuli. Unawajengea wengine nyumba, halafu unaanguka.

Basi tukaingia chini ya miavuli hiyo kutafuta mkuyu wenye pindo. Niliona mmoja. Nikaukimbilia. Asumani akaona mwingine. Nikaona wa tatu, mwembamba, pindo zuri kabisa. Ndege wanakula tunda la mkuyu, wanakunya mbegu popote. Miaka ile yote walikuwa wamepanda. Tukazidi kutazama, tukaona si mikuyu tu. Kila mti mchanga pale ukingoni ulikuwa umepinda. Kila mmoja. Mwingine umeangukiwa na tawi ukiwa mdogo ukageuka. Mwingine umebanwa na kamba za msituni. Mingi ilikuwa imeinama tu kuelekea palipokuwa na uwazi, ikifuata mwanga, kisha mwanga ulipohama nayo ikahama, ikabaki na pindo.

Nilikuwa na kopo la sardini pale dirishani mwa darasa langu, Mabuka. Kila mwaka nilipanda humo maharagwe, na kila mwaka yaliinama kuelekea dirishani, nikaligeuza kopo, yakainama tena upande mwingine, na wanafunzi wakaandika: mmea hupinda kufuata mwanga. Ni somo la kwanza kabisa. Mimi, mwalimu wa somo lile, niliporudi kumtafuta mke wangu nilikuwa nimechagua kama alama ya pekee jambo ambalo kila mmea unalifanya. Nilichukua umbo la kawaida kabisa la kitu kinachoishi penye kivuli nikadhani ni sahihi ya mtu mmoja.

Asumani alilielewa kabla yangu. Alikuwa akipita mti kwa mti, akiweka kiganja kwenye pindo.

"Huyu njo Feza?" akauliza. Akahama. "Na huyu? Na huyu hapa, mwembamba?"

"Asumani, acha."

"Hapana, Mwalimu, unijibu. Dada yangu amekuwa wengi. Nisalimie nani?"

Nilidhani ananidhihaki. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye ndevu, na bado anahama mti kwa mti akiweka kiganja. Nikamwacha. Aliisalimia yote. Jioni tukarudi barabarani, tukashika njia ya Punia.

Kabla ya kufika Punia tulipita Mabuka kijijini. Huko kulikuwa na kitu ambacho nimekiwaza kuliko yote. Nyumba hazikuwepo, shule ilikuwa imebaki sakafu. Lakini ua wa shule tuliujenga zamani kwa nguzo za mkuyu, na nguzo zile zilikuwa zimeshika zote, zimekuwa miti, na miti ile ilikuwa imesimama katika mstari. Msitu haufanyi mstari ulionyooka, Zaina. Ndani ya mchafuko ule wote, jicho lilijua mara moja: hapa palikuwa na watu. Mti mmoja mmoja katika ua ule ulikuwa umepinda, umevunjika, umebanwa, na haikudhuru kitu, kwa sababu wa pili wake ulikuwepo.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la msituni ninaloweza kukupa, ni hili, na nalisema kama fundi anavyomwambia fundi: ukipanda kitu unachotaka kukiona tena, panda viwili. Kimoja ni nukta. Viwili vina upande na vina umbali kati yao, na hakuna ndege anayeweza kuviiga. Kaburi lenye kijiti cha kichwani na kijiti cha miguuni ningelipata hata leo. Tulikuwa navyo vyote viwili mkononi.

Sasa hesabu pamoja nami, kwa akili ya kazi yako, si kwa moyo. Tangu siku ile tuliporudi imepita karibu miaka ishirini. Kombokombo tulizoziona zimekwisha kufa. Utakuta magogo yake yameoza, ukiyakanyaga mguu unazama. Chini yake miche ya limbali iliyokuwa ikingoja imepanda. Mkuyu unapenda jua. Kama wetu haukufika juu kabla paa la msitu halijafunga, ulikufa kwa kivuli, ukiwa umesimama, na mchwa wakamaliza. Kama ulifika juu, sasa ni mti mkubwa wenye mizizi iliyofunika pindo. Ukiukata ukatafuta umri wake hautakuambia vizuri, kwa maana miti mingi ya kwetu haina baridi ya kuifundisha mwaka unaisha wapi. Pete zake zimefifia, zinaungana, mtu anaweza kuzisoma anavyotaka. Kipande cha kuonesha hakipo. Mahali pa kupiga alama hapapo.

Ulipokuwa chuo ulinisomea sura moja kwa sauti, pale uwanjani, namna miti ya nchi za joto inavyozoea mazingira magumu. Ulisoma kwa furaha. Majani machanga ya limbali yanavyotoka mekundu, yakining'inia kama nguo iliyoloa, ili jua lisiyaunguze kabla hayajawa tayari. Miti ya kinamasi inavyoinua mizizi ipate hewa. Miche inavyokaa kivulini miaka na miaka bila kukua, ikingoja mkubwa aanguke ili uwazi ufunguke. Ukasema, "Baba, ona uvumilivu!" Nami nikaitikia, kwa sababu ulikuwa mzuri kutazama ukisema hivyo.

Lakini sura ile haikumaliza habari, na wewe utaimaliza kwa kamba yako ya kupimia. Karibu miche yote inayongoja hufa ikingoja. Inatoa jani moja, inapoteza jani moja, haifi wala haikui, mpaka siku moja haipo. Kitabu kinaandika juu ya ule mmoja uliopata uwazi kwa sababu ndio uliopo wa kupimwa.

Sitaki kujifanya mti. Watu wazima wanaojifanya miti wananichosha. Ila kuna kosa langu moja ambalo umeishi ndani yake tangu utoto, na ni vizuri ulisikie kwangu, ingawa shangazi yako amelitangaza mtaa mzima. Tangu nifike Kindu sikupanda kitu katika uwanja huu. Hata mpapai. Kila mwaka nilisema mwakani tutarudi, na mtu anayerudi mwakani hapandi mti. Jirani walicheka. Sauda hakucheka.

"Mwalimu wa miti," aliniambia siku moja, akitupa maganda ya ndizi pale penye jua kali, "mutoto wako anacheza juani. Ile miti yako ya Mabuka inamupa kivuli hapa?"

Nilimjibu kitu cha werevu, sikikumbuki. Ulikuwa ukicheza juani kweli. Ungekuwa na mparachichi wa rika lako pale, ungekuwa umekula matunda yake, na leo ungekuwa na kitu cha kuaga. Nilitunza mahali ambapo hapakunihitaji, na hapa palipokuwa na mtoto nikapaacha wazi. Nilikiita kitendo hicho uaminifu kwa mama yako. Yeye, ambaye hata siku ya kufa aliuliza habari ya nguo zako, angekiita jina lingine.

Sasa ningeweza kupanda. Nimelifikiria. Lakini nina umri wa kujua kasi ya mti, na wewe unaondoka, na Sauda anasema magoti yangu hayainami tena. Uwanja utabaki hivyo.

Rudi kwenye ombi lako. Sikukatazi kuingia katika msitu ule. Ndiyo kazi yako na naona fahari juu yake, fahari inayoniuma. Utakapofika ng'ambo ya kijito, penye kilima kidogo, utajua uko karibu na pale. Simama kama ukitaka. Msomee Fatiha, haihitaji anwani. Lakini najua macho yako. Utaona mkuyu mkubwa, na chini yake, kati ya mizizi, utaona kitu kama pindo. Utauona, kwa kuwa upo, na wa pili wake upo, na wa tatu. Utauzunguka. Utapiga picha.

Usinitumie ile picha, mwanangu. Usinipigie simu kuniambia umeupata. Si kwa kuwa sitakuamini. Nitakuamini papo hapo, bila swali, mimi niliyeandika kurasa hizi zote. Nitamwamsha Sauda, nitatafuta viatu vyangu. Nitapakiwa kwenye pikipiki kama mzigo wa chumvi mpaka Lubutu, nitaletwa mbele ya mti, nitaweka kiganja. Na nikishaweka kiganja nitamsikia Asumani akiuliza, na huyu? Asumani amelala Lokandu, kando ya mto, ana saruji na jina lake. Yeye hasumbuliwi. Mimi siwezi kuyasikia maneno yale mara ya pili.

Pima miti yako. Ile yenye kuta kwenye shina, panda juu ya kuta ndipo uzungushe kamba, usiibane chini ukapata unene wa uongo. Andika kile ulichokiona, na pale usipojua uandike hujui. Ukimzika mtu, Mungu akuepushe, weka viwili.

Nasikia sauti ya shangazi yako njiani, anamlaumu muuza buti hata sasa ambapo muuzaji hayupo. Wewe unacheka. Umechukua kicheko cha mama yako, nacho hakuna aliyekupandia, ulikuja nacho.

Kesho nitakusindikiza hadi kivukoni, sitavuka. Mvua ikiisha usinitumie pikipiki. Mimi sitarudi Mabuka.

Baba yako